Barua ya "Si Utafiti" Haivuki Bahari

Dada mmoja wa jumuiya yetu, meneja katika hospitali moja hapa Minnesota, alirudi kutoka Tanga na khanga sita na bila mahojiano hata ya mtu mmoja. Alikuwa amechukua likizo ya wiki tatu, amejilipia nauli, amemwacha mumewe na watoto kwenye theluji. Alikwenda kufanya mradi wa DrPH yake: kuwauliza wauguzi wa zahanati za Muheza kwa nini wagonjwa wa presha huacha dawa mara tu wanapojisikia nafuu. Mkononi alikuwa na barua ya chuo chake, yenye nembo na saini. Pale wilayani waliisoma mara mbili, wakampa kiti na soda, kisha wakamwambia kwa upole sana kwamba kwao ile ni karatasi tu.

Ni mtu wa tatu ninayemfahamu kukwama palepale, na simu za wanaouliza jambo hilohilo haziishi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Sitaeleza hapa DrPH ni nini. Mnajua ni shahada ya uzamivu ya afya ya jamii kwa watu walioko kazini, inayomwandaa mtu kuongoza idara au wizara kuliko kufundisha darasani. Mnajua kuuliza kama chuo kina ithibati ya CEPH, baraza la Marekani la elimu ya afya ya jamii, kabla ya kutoa hata senti. Na mnajua kwamba ukitambulishwa harusini kuwa wewe ni daktari, shangazi atakuletea goti lake ulitazame. Kinachowaponza watu ni mradi.

CEPH ilipobadilisha vigezo vyake mwaka 2016, iliitenganisha waziwazi DrPH na PhD. Mwanafunzi wa DrPH lazima afanye kazi ya vitendo yenye manufaa kwa taasisi halisi, si kwa profesa wake peke yake. Ni jambo jema, ila ndipo mtego ulipo. Kwa kanuni za serikali ya Marekani, utafiti ni uchunguzi wa kimfumo unaolenga kupata maarifa yanayoweza kutumika kwa watu wengine kwa jumla. Mradi wa kuboresha huduma katika zahanati tano unaweza kutoangukia humo. Basi unapeleka maombi IRB, yaani kamati ya maadili ya chuo, nao wanakujibu kwa ukurasa mmoja: mradi wako si utafiti unaohusu binadamu, hauhitaji kibali chetu. Profesa anakupongeza kwamba umeokoa miezi. Unakata tiketi.

Barua hiyo inasema kitu kimoja tu, kwamba sheria ya Marekani haina neno nawe. Haiisemei Tanzania, na IRB wenyewe hawajawahi kudai kuisemea. Ukikaa na muuguzi wa Muheza ukamwuliza maswali, kesho ukamwuliza mwenzake maswali yaleyale, keshokutwa ukaandika ripoti, huo nyumbani ni utafiti wa afya, na mwenye kauli juu yake ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Uite uboreshaji wa huduma, uite tathmini, uite mazungumzo na wadau. Mganga mkuu wa wilaya ataomba cheti cha NIMR, naye ana haki. Akikuruhusu bila hicho cheti, atakayeulizwa siku mambo yakiharibika ni yeye, na wewe utakuwa umesharudi Minneapolis.

Cheti chenyewe kikishapatikana kisomeni, maana wengi hukipiga picha wakaituma WhatsApp basi. Kinadumu mwaka mmoja. Kinadai ripoti ya maendeleo kila miezi sita. Kinasema ruhusa ya kuchapisha matokeo iombwe NIMR. Na kinataja maeneo kwa majina. Ukiwa umeandika Muheza, halafu binamu yako akakuambia Pangani kuna muuguzi mzuri zaidi, Pangani huna kibali. Zanzibar nayo ina utaratibu wake na taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Usishuke bandarini Malindi na karatasi za bara ukadhani umemaliza.

Sasa lile linaloumiza. Wengi wetu humu tumeshaapa mbele ya jaji na tuna pasi ya bluu. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku unapojaza fomu, wewe uliyezaliwa Bombo na kusoma Usagara, ni mtafiti mgeni. Hadhi maalumu ya wanadiaspora inayozungumzwa sana kwenye vikao vyetu ni hadhi, haikurudishii uraia. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mshirika wa ndani kutoka taasisi inayotambulika. Baada ya hapo kuna kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Viza ya matembezi ni ya matembezi. Yule dada alipita uwanja wa ndege akasema amekuja kusalimia wazazi, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini lingemgeuka vibaya siku angekutwa zahanati na kinasa sauti.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu ofisi zetu. NIMR inataka kuona barua ya kamati ya maadili ya chuo chako. Chuo chako nacho, mradi ukihesabiwa kuwa utafiti, mara nyingi kinataka kuona kibali cha nchi husika. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na wewe uko katikati unalipa karo. Ofisa wa kila upande atakusomea kanuni yake kana kwamba upande wa pili haupo duniani. Dawa iliyowasaidia waliofaulu ni kuiomba IRB idhini yenye masharti: barua inayosema tumepitia, tumeridhika, kazi isianze mpaka kibali cha Tanzania kitoke. Usingoje waitaje wao. Iombe, na uiombe kwa maandishi.

Na cheti si mwisho. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barua inashuka ngazi kwa ngazi: katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mganga mfawidhi wa kituo. Kila ngazi ina masjala yake, na kila masjala ina mama mmoja anayejua faili lilipo. Bosi yuko Dodoma kwenye kikao. Mwenye muhuri kaenda msibani. Ukipanga wiki tatu za likizo kwa kazi yote hii, umejidanganya mwenyewe. Anayefanya vizuri huwa na mshirika wa ndani anayezungusha barua hizo miezi kadhaa kabla ya yeye kupanda ndege, na mshirika huyo huandikwa jina kwenye kazi, halipwi soda.

Fomu zote za wahojiwa ziwe za Kiswahili, na tafadhali ziandikwe na mtu. Nimeonyeshwa fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa na mashine, ambamo mhojiwa aliitwa "somo" kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kama somo, una haki ya kujitoa wakati wowote." Kwa mtu wa Tanga, somo ni yule mama anayemfunda bibi harusi. Kamati itacheka, kisha itakurudishia.

Kuna pia suala la kubeba majibu. Takwimu za wagonjwa haziondoki nchini kwenye laptopu kwa kuwa laptopu ni yako. NIMR ina mkataba wa kuhamisha data unaopaswa kusainiwa, na tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waulizeni mapema wahusika wa pande zote mbili data itahifadhiwa wapi. Kuna mwanafunzi aliyekamilisha kila kitu, akafika kwenye utetezi wa tasnifu, akaulizwa swali hilo moja.

Ndugu zetu Wakenya wana nafuu kidogo. Katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyehifadhi wake anaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kama Mkenya. Lakini leseni hiyo nayo inadai kwanza idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa Kenya, na kwa kuwa afya imegatuliwa kwa kaunti, bado utabisha hodi kwenye ofisi ya kaunti. Barua ya Marekani ya "si utafiti" haina uzito kule pia.

Ukiniuliza mimi, asiye na mshirika wa uhakika nyumbani afanyie mradi wake hukuhuku. DrPH haidai Afrika. Idara za afya za kaunti za hapa zinahangaika kuwafikia wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, na wamo wenye presha ileile na dawa zilezile zilizoachwa kabatini. Najua si kilichokupeleka shule. Ulitaka kuirudishia Tanga kitu. Basi rudi ukiwa na shahada, si ukiwa unaitafuta.

Yule dada hakunisikiliza. Amepata mshirika katika chuo kimoja cha nyumbani, ameandika upya maombi, safari hii akijaza sehemu ya mgeni, na ameongeza Pangani kwenye orodha. Anangoja. Chuo chake kinamtoza ada ya kuendelea kusajiliwa kila muhula, awe anahoji au anangoja.