Kiu Isiyokwisha na Chupa za Sukre

Watu wengi katika miji yetu wanaishi peke yao. Wengine waliacha jamaa kijijini, wakaja kutafuta kazi Bukavu, Goma, Bunia ao Lubumbashi. Wengine ni wanafunzi. Wengine ni wajane, ao wazee ambao watoto wao wamekwenda mbali. Mafundisho haya ni kwa ajili yao zaidi. Ugonjwa tunaotaka kueleza unamjia mtu polepole, na mtu asiye na mwenzake nyumbani hana wa kumwambia: "Ndugu, mbona umekonda hivi? Mbona umeamka mara nne usiku?"

Ugonjwa huu unaitwa kisukari. Tutasema pia habari ya vinywaji vya chupa vyenye sukari, vile tunavyoviita sukre.

Tuseme kuna mtu mmoja, fundi wa kushona, anaishi katika chumba chake kimoja. Asubuhi hapiki, kwa sababu kuwasha makala kwa ajili ya mtu mmoja ni kazi bure. Ananunua mukate na chupa ya sukre, basi, amekula. Saa sita jua ni kali, ananunua nyingine. Jioni anarudi nyumbani na hakuna mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo chupa ya tatu inakuwa rafiki yake. Mtu huyu si mlevi. Hanywi pombe hata kidogo, na watu wanamsifu kwa hiyo. Lakini hebu tupige hesabu.

Chupa ndogo ya santilita 33 ya kinywaji cha namna ya kola ina karibu gramu 35 za sukari. Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua kikombe, tia ndani vijiko saba vya chai vya sukari. Ndiyo chupa moja. Chupa tatu kwa siku ni gramu 105. Kwa siku 30 inapita kilo tatu. Hakuna mtu angekaa mezani na kilo tatu za sukari na kijiko, akaimaliza peke yake kwa mwezi mmoja. Lakini ikichanganywa na maji baridi inapita shingoni bila neno. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isipite sehemu moja kwa kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima ni karibu gramu 50. Tena likasema ni vizuri zaidi kama haipiti gramu 25. Basi chupa moja tu imekwisha kupita kipimo hicho cha pili.

Sasa sikiliza namna mwili unavyofanya kazi. Sukari ikifika tumboni inaingia katika damu. Damu inaipeleka mahali pote, kwa sababu nyama za mwili zinaitumia kama makala ya moto. Lakini sukari haiwezi kuingia ndani ya nyama bila ufunguo. Ufunguo huo unaitwa insulini, na unatengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kwa watu wengine kongosho linaharibika kabisa, na ufunguo hakuna. Mara nyingi ni watoto na vijana. Ugonjwa wao hautokani na kunywa sukre, na mzazi asijilaumu. Zamani walikufa wote, mpaka mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, ambako kijana wa miaka 14 alipigwa sindano ya kwanza ya insulini. Kwa wengine, nao ndio wengi zaidi, ufunguo upo lakini kitasa kimeshika kutu: mwili hausikii tena insulini vizuri, na kongosho linachoka. Hiyo inatoka kwa ukoo, kwa umri, kwa unene wa tumbo, kwa kukaa kitako siku nzima, na vinywaji vya sukari vinaongeza. Mwaka 2010 wachunguzi walikusanya habari za watu zaidi ya 300,000. Wale waliokunywa chupa moja ao mbili kila siku walipata ugonjwa huu kuliko wale ambao karibu hawakunywa kabisa. Hatari yao ilizidi kwa karibu robo moja.

Kwa nini kinywaji ni kibaya kuliko chakula? Kwa sababu hakishibishi. Ukila maharagi, tumbo linasema "imetosha". Ukinywa sukre, tumbo halisemi kitu, na sukari inafika katika damu upesi sana.

Sukari ikizidi katika damu, ikapita karibu miligramu 180 katika desilita moja, figo haziwezi kuizuia. Inatoka na mkojo, tena inavuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mtu anakojoa sana, hata usiku. Maji yakitoka, kiu inakuja. Na hapa ndipo penye mtego: fundi wetu akisikia kiu, anafanya nini? Ananunua sukre baridi! Sukari inapanda tena, anakojoa tena, kiu inarudi kali kuliko ya kwanza. Anafikiri anazima moto, kumbe anamimina mafuta.

Dalili nyingine ni hizi: kukonda ingawa unakula, kuchoka bila kazi, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona, kuwashwa sehemu za siri. Pengine sisimizi wanakusanyika mahali ulipokojoa. Wazee waliijua dalili hii tangu zamani, katika nchi nyingi.

Tunataka kukaa kidogo juu ya neno la woga, kwa sababu woga unaua watu kabla ya ugonjwa. Mtu anayeishi peke yake anaona suruali yake imekuwa pana. Anakaza mukaba tundu moja, kisha tundu la pili. Usiku anawaza. Katika Kivu wengi watasema: ni karuho, wamenitilia sumu. Basi anaanza kuhesabu ni nani alimpa chakula, na urafiki wa miaka mingi unavunjika. Anatoa feza zake kwa mtu wa kutapisha sumu, na siku zinapita. Mwingine anafikiri ni sida. Anaona haya, anafunga mlango, haambii mtu. Lakini ukweli wake ungejulikana kwa tone moja la damu ya kidole, kwa dakika moja. Hata kama ingekuwa sida, leo kuna dawa zake, na anayejificha hazipati. Kwa hiyo usijipime kwa mawazo ya usiku. Kukonda kuna sababu nyingi, na munganga anaweza kuzitofautisha. Wewe na godoro lako hamwezi.

Namna ya kupima ni rahisi. Usile kwa saa nane, maji matupu yanaruhusiwa, kisha njoo asubuhi. Mtu mzima wa afya anakuwa na miligramu 70 mpaka 100, ao kupita kidogo. Ikifika 126 ao zaidi ni kisukari, na kama huna dalili tutarudia siku nyingine ili tuhakikishe. Mahali pengine kipimo kinasoma kwa hesabu nyingine, na hapo 126 inaandikwa 7. Usishangae ukiona namba ndogo, wala usifurahi bure. Uliza ni hesabu gani. Katikati, kati ya 110 na 125, mtu hajafika katika ugonjwa lakini yuko njiani. Mtu wa namna hii akiacha sukre, akapunguza tumbo na kutembea kila siku, mara nyingi anarudi nyuma salama.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Kama una kiu kali na unatapika, tumbo linauma, unavuta pumzi ndefu na ya haraka, pumzi yako ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, ao akili inachanganyika, njoo hospitali saa ile ile, hata usiku. Usilale kwanza "nione kesho". Anayelala peke yake katika hali hiyo pengine hataamka.

Basi, tengeneza mambo yako ungali na nguvu. Chagua jirani mmoja mwenye moyo mzuri. Mwambie: "Mama, munganga ameona sukari katika damu yangu. Mlango wangu usipofunguka saa moja ya asubuhi, upige hodi. Nisipoitika, ingia." Umpe ufunguo wa pili. Andika kwa herufi kubwa juu ya karatasi jina lako, ugonjwa wako, dawa zako na namba ya simu ya ndugu yako, uibandike ukutani karibu na mlango. Watu wengine wanaona haya kusema hivyo. Lakini jirani akijua anasaidia. Asipojua anasikia tu kimya, na kimya hakimwambii kitu.

Sasa namna ya kuacha sukre. Wengine wanaiacha kwa siku moja, wengine wanapunguza chupa moja kila juma. Njia zote mbili ni nzuri kama zinafika mwisho. Mtu aliyezoea kola pengine ataumwa kichwa siku chache, kwa sababu ndani yake mna kafeini kama katika kahawa. Inapita. Ulimi nao unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha unanyamaza, na baada ya majuma machache utaonja sukre na kusema: ginsi gani niliweza kunywa hii?

Sababu moja tunaiheshimu. Watu wengi wanakunywa sukre kwa kuogopa maji. Ni kweli, maji machafu yanaleta kolera na homa ya matumbo. Lakini dawa ya maji mabaya si sukari, ni moto. Chemsha maji mpaka yatoe mapovu makubwa, uyaache yachemke dakika moja. Kama unakaa juu sana milimani, kupita meta 2,000, dakika tatu. Yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko, ujaze chupa yako, uende nayo kazini. Ukichoka na maji matupu, tia kipande cha ndimu ao majani ya mchaichai. Chai ni nzuri bila sukari. Lakini usiache Fanta ukakimbilia tangawisi ya kununua yenye sukari nyingi, ao maji ya marakuja yaliyotiwa vijiko vitano, ao bia. Hiyo ni kuhama chumba katika nyumba inayoungua.

Tena upike. Mtu wa mukate na sukre hawezi kuacha sukre kama tumbo lake ni tupu. Chemsha maharagi jioni, yatakutosha kesho asubuhi pia. Ongeza lengalenga ao sombe, na sambaza kidogo kama zinapatikana. Bugali si adui, lakini kipande kiwe kama ngumi yako, mboga ziwe nyingi. Na zile franka za chupa tatu, ziweke katika mkebe kwa mwezi mmoja. Wengi wanashangaa wanapofungua mkebe.

Shida kubwa ni ugeni. Mgeni akiingia, mama wa nyumba anatuma mtoto dukani, na kukataa chupa iliyofunguliwa ni kama kukataa mkono wa mtu. Kwa hiyo sema mapema, kabla mtoto hajatoka: "Asante mama, nipatie maji, munganga amenikataza sukari." Neno la munganga halimkasirishi mtu.

Wale ambao tayari wanapigwa sindano ya insulini, ao wanameza vidonge vya kushusha sukari, wasikilize neno hili peke yao. Msiache sukre na kupunguza chakula bila kutuambia, kwa sababu pengine dawa itabidi ipunguzwe pia. Sukari ikishuka mno mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, anasikia njaa kali, anasema maneno yasiyo na maana. Saa hiyo sukari ni dawa. Kunywa nusu ya chupa ndogo ya sukre, ao vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, ungoje dakika 15. Kama haijapita, rudia. Kisha kula chakula. Kwa hiyo anayeishi peke yake na kutumia dawa hizi aweke chupa moja yenye sukari karibu na kitanda, na asiiguse siku nyingine. Jirani naye afundishwe: akimkuta amezimia, asimmiminie kitu kinywani, bali amlaze kwa ubavu na kumleta hospitali.

Kuna jambo moja ambalo wenye jamaa wanafanyiwa na wengine, na wewe utajifanyia mwenyewe: kuangalia nyayo za miguu kila jioni. Kisukari kinaua hisia za miguu. Mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Weka kioo chini, uangalie nyayo na kati ya vidole, ukiona kidonda hata kidogo, njoo.

Kuacha sukre hakutoshi kila mara. Kama tumekupa vidonge, endelea navyo hata ukijisikia mzima, mpaka sisi tuseme. Siku ya kurudi, fika kabla ya kula. Leta vidonge vilivyobaki, tuvihesabu pamoja. Leta karatasi uliyoandika ni chupa ngapi ulikunywa, na usiandike uongo, hatutakugombeza. Na kama anaweza kupata nafasi, uje na yule jirani anayeshika ufunguo.