Tatu na Tam

Kiukreni na Kinorwe ni ndugu. Ukimwambia hivyo mtu aliyezisikia lugha hizo mbili leo tu, atabisha, na masikio yatamuunga mkono. Kiukreni, cha jamii ya Kislavoni, hubadilisha miisho ya nomino zake katika hali saba kulingana na kazi ya nomino hiyo katika sentensi. Kinorwe, cha jamii ya Kigermaniki, kimeitupa karibu mizigo yote hiyo, kikabaki na kijitabia cha kubandika kionyeshi nyuma ya nomino: hus ni nyumba yoyote, huset ni ile nyumba tunayoizungumzia. Waukreni na Wanorwe hawaelewani hata kwa salamu.

Undugu wao huonekana maneno yakipangwa safu kwa safu. Moyo kwa Kinorwe ni hjerte, kwa Kiukreni sertse. Mia ni hundre, na upande wa pili sto. Penye h huku, pana s kule. Mbili ni to na dva, kumi ni ti na desyat, kuketi ni sitte na sydity: t ya Kinorwe inakutana na d ya Kiukreni, neno baada ya neno. Neno moja linaweza kufanana na jingine kwa bahati, lakini bahati haipangi safu. Mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm aliziweka kanuni za mabadiliko haya kwenye maandishi, na tangu hapo wanaisimu wanapotafuta undugu wa lugha hutafuta safu kwanza.

Sisi wa lugha za Kibantu pia tunazo safu hizo. Kizulu kinazungumzwa zaidi ya kilomita 2,000 kusini ya Singida, lakini tatu yetu kwao ni thathu, mti ni umuthi, kutuma ni ukuthuma, na th hiyo ni t inayotamkwa kwa pumzi. Halafu mtu kwao ni umuntu, bila pumzi. Huo si uvunjaji wa kanuni. Ile n iliyotangulia ndiyo iliyoizuia t isibadilike, na Kiswahili kimeipoteza n yenyewe. Kwangu mimi, pale kanuni inapoonekana kukwama kisha ikajieleza ndipo penye utamu wa fani hii.

Tuje sasa Singida Mjini. Simama mnadani siku ya ng'ombe usikilize. Wenyeji, Wanyaturu au Warimi, wanazungumza lugha ya Kibantu ambayo Malcolm Guthrie aliipa namba F32 katika orodha yake, ikikaa kati ya Kinyiramba, F31, na Kirangi, F33. Mbarbaig aliyeleta mifugo anazungumza Kidatoga, lugha ya Kinailoti yenye ndugu zake wa Kikalenjin huko Kenya. Mwiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu anazungumza Kikushi, jamii moja na Kisomali. Kaskazini, wilayani Mkalama, wapo Wahadzabe. Mashariki, Chemba, wapo Wasandawe. Sijui sehemu nyingine ya Afrika ambako lugha za asili tofauti kiasi hiki zimebanana namna hii.

Hapa ndipo sikio linapodanganya kwa namna nyingine. Mwiraqw akihesabu husema wak, tsar, tam, tsiyahh, kooan. Msikilizaji anadaka: tam! Si ndiyo tatu hiyo? Basi na tuidai safu. Mbili imekutana na tsar, nne na tsiyahh, tano na kooan. Hakuna kinachorudiwa. Kufanana kwa tatu na tam ni bahati tupu.

Linganisha na tre ya Kinorwe na try ya Kiukreni, nazo ni tatu. Hizi ni ndugu kweli, ingawa t ya Kinorwe ilizunguka sana kabla ya kufika hapo ilipo: zamani iligeuka th, ile ya thelathini, kisha wazungumzaji wa kaskazini wakairudisha kuwa t. Na kama kufanana kwa sura kungetosha, ningeweza hata kudai kwamba Kiiraqw ni binamu wa Kiukreni, maana zote mbili hugawa nomino kwa jinsi tatu, ya kiume, ya kike na ile isiyo upande, wakati Kinyaturu kina ngeli kama Kiswahili. Lakini Wanorwe waliokuja Haydom, ambako hospitali yao ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955, hawakukuta ndugu wa lugha yao pale Mbulu.

Kinachotatanisha zaidi ni ujirani. Kukopeshana maneno ni jambo dogo: Wanorwe husema torg kwa maana ya soko, neno walilolichukua kwa Waslavoni enzi ambapo wafanyabiashara wa kaskazini walishuka kwa mito hadi Kyiv. Katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa watu wamekopeshana hata matamshi na sarufi. Ile tl ya Kiiraqw, inayotamkwa kwa kupasua hewa pembeni mwa ulimi, imo pia katika Kisandawe na Kihadza, lugha zisizo na undugu nacho uliothibitishwa. Sl nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo iliyomo katika jina la Dkt. Willibrod Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010, ambaye wengi wetu humwita Silaa kwa kushindwa kuibana. Kirangi, Kibantu halisi, katika wakati ujao hutanguliza kitenzi kikuu na kufuatisha kitenzi kisaidizi, kinyume na Wabantu karibu wote. Mwaka 2008 Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse walichapisha utafiti unaouchukulia ukanda huu, Kinyaturu kikiwemo, kuwa eneo moja la lugha zilizofanana kwa kuishi pamoja.

Hata wataalamu waliwahi kuteleza hapa. Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu lugha za Afrika, aliweka Kihadza na Kisandawe kundi moja na lugha za Kalahari, na kilichowavutia wengi katika kundi hilo ni vidoko, zile sauti za kualisha ulimi. Leo Kihadza kinahesabiwa kuwa lugha pekee, isiyo na jamaa anayejulikana. Kuhusu Kisandawe, mjadala wa uhusiano wake na lugha za Wakhoe wa kusini mwa Afrika bado unaendelea. Vidoko peke yake si ushahidi. Kizulu kinavyo, na ni Kibantu. Kilivipata kwa majirani. Pwani ya Kenya, upande wa Lamu na Mto Tana, wako Wadahalo wachache ambao lugha yao ina vidoko pia. Ukiisikiliza tu utaiweka kapu moja na Kihadza. Ukiichambua sarufi yake, unaikuta upande wa Wakushi, pamoja na Mwiraqw wa mnadani.