Safari ya tiba ya mnyonge (3): Kadi haichimbi choo

Waliofuatana nami tangu makala ya kwanza watakumbuka niliahidi kwamba leo nitaichambua Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote kifungu kwa kifungu. Ahadi ni deni, nami nitalipa, ingawa leo nitalipa nusu. Kilichonipotosha njia ni mazungumzo ya siku hizi redioni na ndani ya daladala. Watu wanaulizana bei. Kaya yangu italipa shilingi ngapi? Mama mkwe anahesabiwa humo? Na asiye na kitu atalipiwa na nani? Maswali hayo ni ya haki kabisa. Ila sijamsikia hata mmoja akiuliza lile lililoulizwa mwaka 1973 chini ya miembe ya vijiji vyetu: kwa nini tunaugua?

Vijana wanaosoma safu hii huenda wamelisikia jina la kampeni ya Mtu ni Afya kama wanavyosikia majina ya timu zilizokwisha kuvunjika. Mimi nilikuwemo. Nilikuwa na miaka kumi, wilayani Masasi, katika kijiji kilichokusanyika mapema kuliko vingi nchini, kwa sababu vita ya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa imewasogeza watu wa mpakani pamoja. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na akateuliwa kuwa kiongozi wa kikundi cha redio. Redio yenyewe ilikuwa moja, na kazi ya betri nilipewa mimi: kuzianika juani juu ya bati asubuhi, kuzigeuza adhuhuri, na kuzirudisha zikiwa za moto kabla ya kipindi. Betri iliyoanikwa vizuri ilimaliza kipindi kizima. Iliyoanikwa vibaya ilimfanya mtangazaji aongee kama mlevi, na lawama zote zikanirudia.

Kampeni ilichukua majuma 12. Watu walisikiliza Radio Tanzania, kisha baba akasoma sura ya kitabu kwa sauti, maana wengi walikuwa hawajui kusoma. Malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu: kila ugonjwa ulielezwa unatoka wapi na unaingiaje mwilini. Baada ya hapo baba alifunga kitabu na kuuliza, "Haya, ndugu zangu, hapa kwetu tufanye nini?" Swali hilo ndilo lililokuwa roho ya kampeni, na kikao hakikufungwa mpaka lijibiwe.

Siku ya somo la vyoo alisimama mzee mmoja, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, tumekusikia. Lakini mimi na mkwe wangu tukutane kwenye shimo moja?" Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jambo zito, na kwa wengi lilikuwa sababu halisi ya kuendelea kwenda porini. Wakalizungumza mpaka jua likazama. Mwisho wakakubaliana kuwa penye mkwe yachimbwe mashimo mawili, moja nyuma ya nyumba, la pili upande wa njia ya kisimani, na vijana wawasaidie wazee kuchimba. Hakuna bwana afya ambaye angelitatua hilo akiwa ofisini Mtwara. Waliolitatua ni wenye wakwe.

Kesho yake ilipita kamba ya katani yenye mafundo, shimo kwa shimo. Kina kilikuwa kimo cha mtu mzima na mkono wake ulionyooshwa juu. Shimo lisilofika fundo la mwisho lilirudiwa, hata kama ni la mwenyekiti.

Naomba nitaje ukubwa wa kazi ile, kwa sababu tumeuzoea udogo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei katika nchi nzima. Miaka sita baadaye kampeni iliwakalisha vikundini watu wazima wapatao milioni 2. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, wakifundishwa kwa kushuka ngazi: taifa, mkoa, wilaya, kijiji. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Wala jambo hilo halikuzuka ghafla kama uyoga. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imejifunza hatua kwa hatua: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971 tulipotimiza miaka kumi ya uhuru. Mtu ni Afya ilikuja kwa wataalamu waliokwisha kukosea na kujirekebisha, na Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975.

Tena haikuwa peke yake. Tulipopata uhuru, vituo vya afya vijijini vilikuwa 22 tu. Mwishoni mwa miaka ya sabini vilikwisha kupita 200, na zahanati zimeongezeka zaidi ya maradufu, kwa kuwa fedha ziligeuzwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda vijijini. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978, ule wa huduma ya afya ya msingi tulioujadili wiki iliyopita, ulikuta sisi tumeshaanza kutembea.

Hapa siwezi kumpita Dakta Leader Stirling, ambaye kwetu Masasi jina lake lilitajwa kama la babu wa ukoo. Alikuwa mpasuaji Mwingereza aliyefika Lulindi mwaka 1935 na misheni ya Kianglikana, akatibu katika majengo ya udongo na nyasi, akafundisha wauguzi kutoka kwa vijana wa hapo hapo. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya, na akaishika wizara hiyo hadi 1980. Daktari aliyemaliza miaka kibao akiwapokea wagonjwa waliobebwa kwa machela kutoka mbali hahitaji kuandikiwa ripoti kuhusu umbali. Najiuliza mara nyingi ni wangapi kati ya wanaopanga tiba ya mnyonge leo wamewahi kulala kijijini usiku ambao mama ameshikwa na uchungu na mto umejaa.

Sisemi ilikuwa pepo. Dawa zilipungua, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikomba hazina, na kila kijiji kilitakiwa kiwalipe wahudumu wake wa afya wakati chenyewe hakina kitu. Wahudumu wakarudi shambani, na nani awalaumu? Uamuzi wa 1977 wa kupiga marufuku tiba binafsi ya biashara nao ulikuja kulegezwa mwaka 1991. Penye kosa tuseme kosa.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1993 ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama. Mwaka 1973 nchi ilimwomba mnyonge jembe lake na akili yake, vitu alivyokuwa navyo. Mwaka 1993 ilimwomba mfuko wake, nao ulikuwa mtupu. Kweli misamaha iliwekwa: watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza, wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma. Ila asiye katika makundi hayo alitakiwa kuuthibitisha ufukara wake kwa barua ya mtendaji. Mtu mzima, mbele ya watoto wake, anakwenda kuomba karatasi inayosema hana kitu. Wako waliochagua kufia nyumbani, na aibu hiyo ni yetu sote.

Ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia majaribio Igunga katikati ya miaka ya tisini na kupewa sheria mwaka 2001. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, Serikali ikaongeza kiasi kile kile, tele kwa tele. Wazo lilikuwa zuri, na lilimfaa mkulima anayeshika fedha msimu wa mavuno peke yake. Lakini kadi ya mwanzo ilimfunga mwanachama kwenye zahanati yake. Akiugua akiwa kwa dada yake wilaya ya jirani, kadi inabaki kuwa picha. Mfuko ulioboreshwa, wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ulifungua njia hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hiyo ilikuwa hatua.

Sasa tufike kwenye Sheria yenyewe, na nafasi niliyopewa na mhariri inakwisha. Bunge liliipitisha Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, ambao sehemu ya fedha zake itatoka kwenye ushuru wa vitu kama vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Naliunga mkono jambo hilo bila kigugumizi: anayekunywa soda mjini amchangie anayekunywa maji ya kisima. Mwanzoni mwa 2024 Serikali ilizindua pia mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hapo moyo wangu ulicheka, maana hao ndio wajukuu wa vile vikundi vya redio, wakilipwa kwa wakati na wasiposahauliwa kama walivyosahauliwa wenzao.

Shaka yangu naieleza kwa kisa kimoja. Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu zahanati, ambayo sitaitaja. Ana shinikizo la damu, na kadi yake ilikuwa hai. Aliifungua kutoka kwenye pindo la khanga, akaiweka dirishani kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. Muuguzi, binti mwenye adabu, akamwamkia, akaitazama kadi, akasema, "Shikamoo bibi. Kadi yako ni nzuri, dawa ndiyo haipo. Kanunue pale duka la nje." Shangazi akaikunja kadi, akairudisha pindoni. Njiani aliniuliza, "Mwanangu, sasa hii nimelipia nini?"

Sikuwa na jibu, na ninaandika mfululizo huu wote kwa sababu ya swali lake. Bima ni njia ya kulipa. Hailipi kwa kitu ambacho hakipo, wala haizuii ugonjwa unaotoka kwenye kisima kilekile kila masika. Zahanati yenye dawa, mtu wa kukupima, na kijiji kinachojua kwa nini kinaugua ndiyo mambo matatu ambayo kadi inayategemea, na haiwezi kuyaleta. Viongozi wetu waliahidi pale Abuja mwaka 2001, pamoja na wenzao wa Afrika, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo nayo ni deni, na mdai wake ni mwananchi.

Lakini mwananchi naye tumemzoesha kukaa na kusubiri, tukamfanya mteja, na mteja huuliza bei tu. Kila zahanati ya umma inatakiwa kuwa na kamati yenye wajumbe kutoka kwa watumiaji wake. Je, unawajua wa kwako? Wameshawahi kukusomea orodha ya dawa zilizopokelewa na zilizokwisha? Vifungu nilivyobakiza tutavisoma wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwa leo naomba jambo moja kwa wasomaji walio vijijini. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, kaeni mbele, na bei ikishatajwa, ulizeni lile swali la baba: hapa kwetu tufanye nini? Msiondoke kabla halijajibiwa.