Kiungo cha Kwanza katika Uji wa Mtoto

Huko Mogitu, wilayani Hanang, chini ya mlima unaopanda zaidi ya mita 3,400, uji wa mtoto hauna mapambo. Ni unga wa mahindi, mtama au ulezi, na maziwa yaliyochemshwa kwa wenye mifugo. Mama aliyeolewa huko akitokea Tanga au Unguja huutazama uji huo akakumbuka iliki za kwao. Mwanawe ametimiza miezi sita. Je, aweza kumtilia japo kijiti cha mdalasini? Mama mkwe asema tumbo la mtoto halitahimili. Jirani naye ashauri aongeze asali.

Tuanze na umri, maana hapo hapana mjadala. Mwenyezi Mungu (s.w.t.), katika Sura Al-Baqara, aya ya 233, ameitaja miaka miwili kuwa ukamilifu wa kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha chakula cha nyongeza huku kunyonyesha kukiendelea hadi miaka miwili au zaidi. Kabla ya miezi sita, basi, hakuna kiungo wala uji.

Baada ya hapo, mama wa Tanga hajakosea. Ladha ya vyakula alavyo mama, kitunguu saumu mathalani, hupenya katika maziwa yake, hivyo mtoto wake si mgeni wa viungo kama idhaniwavyo. Mdalasini, iliki, binzari nyembamba na manjano vyafaa, kwa kiasi cha chembe chache tu. Aanze na kimoja, akingoje siku mbili tatu, aangalie kama mtoto anatoka vipele, anatapika au anaharisha, ndipo ajaribu kingine. Kijiti cha mdalasini kichemke katika uji kisha kitolewe, kisije kikamkwama mtoto kooni. Iliki itwangwe laini. Pilipili kali isubiri. Haichomi kinywa peke yake, bali hata macho, mtoto ajisuguapo kwa vidole vilivyochafuka.

Suala la asali ni zito zaidi, kwa kuwa limefungamana na mapenzi yetu kwa dini. Qur'ani imeitaja kuwa ina shifaa, nasi twaamini hivyo. Lakini asali yaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi kuzizuia, zikatoa sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Asionjeshwe kabisa kabla ya kutimiza mwaka. Anayetaka kumfanyia mtoto tahniki anayo tende, ambayo ndiyo iliyotajwa katika Hadithi za Mtume (s.a.w.).

Hatari nyingine imo ndani ya chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, ambayo baadhi yetu watu wa pwani huyapaka kwenye fizi za mtoto anayeota meno. Karafuu moja katika sufuria ya pilau si sawa na mafuta yake. Kiasi kidogo tu kikimezwa chaweza kumdhuru mtoto ini.

Viungo vya unga navyo vyataka tahadhari sokoni. Mwaka 2023, nchini Marekani, mamia ya watoto walipata madhara ya risasi iliyokuwa katika mdalasini uliotiwa kwenye matunda yaliyopondwa. Bangladesh, manjano yaliwahi kutiwa rangi yenye risasi ili yang'ae. Ni heri kununua kiungo kizima na kukitwanga nyumbani.

Mama mkwe naye ana hoja katika jambo moja: harufu nzuri haishibishi. Katika nchi ambayo takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yai, maharage, dagaa au ini lililopondwa ndivyo vya kutafutwa kwanza, iliki ifuate.

Mchuzi wa familia ukiwa jikoni, mchotee mtoto sehemu yake kabla chumvi na pilipili hazijaingia chunguni.