TUSOMEJE RIWAYA YA SAFARI NA MIKASA DARASANI?
Mafunzo kutoka kitabu cha Adili na Nduguze



Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, kila tunapowapa watoto wa darasa la tano hadi la saba kitabu cha hadithi, baadhi ya wazazi hutuuliza: "Kwa nini madrasa isomeshe hadithi za kutunga? Si afadhali mtoto atumie muda huo kuhifadhi Qur'an?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Katika makala hii tutaeleza kwa ufupi jinsi tunavyosoma riwaya moja ya safari na mikasa, na faida tuliyoipata, ikiwemo faida ambayo sisi walimu wenyewe hatukuitarajia.

KITABU CHENYEWE

Riwaya za aina hii ziliingia shuleni kwetu kwanza kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1929 Frederick Johnson alichapisha kwa Kiswahili Kisiwa Chenye Hazina, kilichotungwa na Robert Louis Stevenson. Katika miaka hiyo hiyo zilitafsiriwa pia hadithi za Alfu Lela Ulela. Baadaye akatokea Mwislamu mwenzetu, mtoto wa Tanga, Sheikh Shaaban Robert (1909-1962), aliyekuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni huku akiandika mashairi na vitabu. Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Kisa chake kinafanana na kimojawapo cha Alfu Lela Ulela, lakini marehemu alikivika vazi la Kiswahili kitupu.

Kwa wasiokijua, hadithi inaanza na Mfalme Rai wa Ughaibuni. Mjumbe wake, Sarahani, anatumwa kwa liwali Adili, na huko anaona jambo la ajabu: kila usiku Adili anawapiga manyani wawili, ingawa roho yake haipendi kufanya hivyo. Habari inamfikia mfalme, na Adili anaitwa kujieleza. Hapo ndipo anaposimulia kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walisafiri pamoja baharini kwa biashara, wakafika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, na huko Adili akampata binti mmoja. Ndugu zake wakaingiwa na husuda, wakamtupa baharini. Jini aitwaye Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na akamwamuru Adili awaadhibu kila usiku.

JE, HADITHI YA KUTUNGA NI UONGO?

Uongo ni kumwambia mtu jambo lisilo kweli ili aliamini. Mtunzi wa riwaya hafanyi hivyo. Msomaji anajua tangu jalada la kitabu kwamba hakuna nchi inayoitwa Ughaibuni wala mfalme aliyeitwa Rai. Hata majina ya watu ni ishara tu: mwadilifu anaitwa Adili, hasidi anaitwa Hasidi.

Hata hivyo tunaweka mpaka ulio wazi. Visa vya Mitume katika Qur'an ni kweli tupu, na hatuviweki safu moja na riwaya. Tunaamini kuwa majini wapo kwa sababu Allah (S.W.) ametujulisha, lakini Huria wa kitabuni ni wa kutungwa. Vile vile tunawaonya watoto wasije wakamtazama jirani kwa jicho la shaka kwa sababu ya kisa cha watu kugeuzwa wanyama. Kumsingizia mtu uchawi ni dhambi kubwa. Mtoto akishaujua mpaka huu, hadithi haimdhuru.

BAHARI KWA WATOTO WA MLIMANI

Ugumu wa kwanza tulioukuta ni bahari yenyewe. Wanafunzi wetu wengi wamekulia chini ya Mlima Meru: Ngarenaro, Kijenge, Sanawari, Tengeru hadi Usa River. Mlima wenye urefu wa mita 4,566 wanauona kila asubuhi kunapokuwa hakuna mawingu, lakini bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara hadi Tanga. Atahisi vipi hofu ya mtu aliyetupwa baharini usiku?

Tukaanza na maji wanayoyajua. Waliowahi kufika Ziwa Duluti, pale Tengeru, wanajua kwamba ukisimama ukingoni unaiona miti ya ng'ambo. Tukawaambia: "Sasa ondoeni ng'ambo. Ondoeni miti. Kila upande ni maji, na ni usiku." Darasa likanyamaza. Tangu hapo hakuna aliyeuliza kwa nini Adili aliogopa.

Ugumu wa pili ni lugha. Watoto wengi nyumbani wanazungumza Kimeru, Kiarusha au Kiswahili cha mjini. Neno "nduguze" liliwatatiza hadi tulipolifungua: ni "ndugu zake", kama vile "mkewe" ni mke wake na "babaye" ni baba yake. Kila mwanafunzi ana daftari dogo la maneno mapya. Mwisho wa juma anachagua matano na kuyatungia sentensi.

NANI ANASIMULIA?

Sasa tuje kwenye faida kubwa. Tulipomaliza kusoma mkasa wa kutupwa baharini, tuliwauliza wanafunzi: "Hasidi na Mwivu wanastahili nini?" Darasa zima likapaza sauti: "Wapigwe!" Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, mbona manyani hawajaulizwa?"

Wenzake wakacheka, lakini sisi walimu tulishtuka. Ni kweli. Habari ya husuda na ya kutupwa baharini tunaisikia kwa kinywa cha Adili. Nduguze ni manyani, hawana ulimi wa kujitetea. Na zaidi ya hapo, majina yao yamekwisha kuwahukumu kabla hata hatujafungua ukurasa.

Hatusemi kwamba Adili ni mwongo. Mtunzi hakutuachia shaka: wale wawili wana hatia. Lakini imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimfundisha asitoe hukumu baina ya watu wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Agizo hilo halikumtoa mwenye hatia. Naye asikilizwe, ndipo ahukumiwe.

Tulishtuka pia kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu muda mfupi kabla ya somo lile. Juzuu ya mwanafunzi ilipotea, na mwenzake mmoja akatajwa kuwa ndiye mwizi. Mtoto huyo alikuwa mtundu, jina lake tumezoea kulisikia katika makosa. Tukamwadhibu kwa neno la upande mmoja. Siku ya tatu juzuu ilionekana nyumbani kwa mwenyewe, chini ya mkeka. Tulikuwa tumeliacha jambo lile likapita hivi hivi. Baada ya swali la yule binti tuliona haya. Tulisimama mbele ya darasa, tukamwomba radhi mtoto yule, na tukamwambia mzazi wake pia. Kitabu cha hadithi kilitukumbusha wajibu ambao tulikuwa tunaufundisha bila kuutekeleza.

KISA CHA NABII YUSUF (A.S.)

Baada ya hapo tuliwarudisha wanafunzi kwenye Suratu Yusuf. Huko pia kuna husuda ya ndugu, na kuna mdogo anayetupwa kisimani. Lakini angalieni tofauti. Ndugu zake Yusuf (A.S.) wanafika mbele yake wakiwa watu kamili wenye ulimi. Wanazungumza, na mwisho wanakiri kosa lao kwa vinywa vyao wenyewe. Naye, akiwa na mamlaka yote mkononi, hawalaumu bali anawaombea msamaha. Katika riwaya, adhabu inarudiwa usiku baada ya usiku na husuda haiponi kwa mjeledi. Hata Adili anafunguliwa mzigo wake pale tu nduguze wanaporudishiwa ubinadamu wao. Wanafunzi wenyewe ndio walioligundua hili, na surah waliyoihifadhi zamani wakaanza kuizingatia.

TUFANYE NINI DARASANI NA NYUMBANI?

Kwa walimu na wazazi wanaotaka kujaribu, tunashauri yafuatayo:

1. Someni kwa sauti, kwa zamu, sura moja kwa kikao. Msikimbilie mwisho.

2. Chora ramani ya safari ubaoni na kuiongeza kila sura inapokwisha, ili mtoto asipotee njiani.

3. Kila mkasa unapokwisha ulizeni maswali matatu: Nani amesimulia? Nani hajasema? Tungefanya nini sisi?

4. Fanyeni baraza la hukumu. Mwanafunzi mmoja awe Adili, wawili wawe nduguze waliorudishiwa ulimi, na mmoja awe kadhi. Kadhi asiseme neno mpaka pande zote zimalize.

5. Nyumbani, mzazi amwombe mtoto amsimulie sura aliyoisoma, walau baada ya Isha. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza.

Muda wa hifdhi haujapunguzwa hata dakika moja. Hadithi tunaisoma alasiri ya siku moja tu katika juma.

Ndugu wazazi, watoto wetu watakuwa kesho mashahidi, wazee wa familia, pengine makadhi. Watasikia kesi nyingi za ndugu waliogombana kwa mali na kwa wivu. Tunataka siku hiyo, kabla ya kutamka hukumu, wakumbuke kuuliza kama yule mwingine ameshaulizwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Sheikh Shaaban Robert, atukinge na husuda, na atujaalie kuwa waadilifu hata kwa wale tusiowapenda. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.