Manjano kwa mtoto mchanga: Jua la asubuhi linatibu au linachelewesha?

Mtoto ana siku tatu tangu azaliwe. Bibi anamtazama machoni, anaona ule weupe umegeuka njano. Ushauri unatoka papo hapo: "Mtoe nje asubuhi apigwe na jua kidogo, itaisha yenyewe."

Ushauri huu umezoeleka katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na si wa kubezwa. Matibabu ya mwanga yanayotumika leo hospitalini yalianza na jua hilo hilo. Shida ni kwamba jua linakuja na miale ya aina tofauti, na mmoja tu ndio dawa ya manjano.

Yalianza na shuka

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex nchini Uingereza, sista Jean Ward alikuwa akisimamia wodi ya watoto njiti. Siku za jua alipenda kuwatoa nje. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalikuwa yamefifia mwili mzima, isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu. Sehemu hiyo ilikuwa imefunikwa na pembe ya shuka.

Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ilisahaulika juani kwa saa kadhaa. Ilipopimwa, bilirubini ilikuwa chini kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake wakalifuatilia jambo hilo, wakatengeneza kifaa chenye taa za bluu, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet.

Manjano yanatoka wapi?

Chembe nyekundu za damu zinapovunjika, hubaki uchafu wa rangi ya njano uitwao bilirubini. Kazi ya kuutoa ni ya ini, lakini ini la mtoto mchanga bado halijapata nguvu. Ndiyo maana takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati, na 8 kati ya 10 walio njiti, hupata manjano wiki ya kwanza. Hali hii haihusiani na homa ya manjano inayoenezwa na mbu.

Wengi hupona bila tiba yoyote. Kwa wachache, bilirubini hupanda hadi kuingia kwenye ubongo. Hapo mtoto anaweza kufa, au akabaki na uziwi na mtindio wa ubongo maisha yake yote.

Ndani ya jua kuna nini?

Mwanga wa bluu ndio tiba. Ukipenya kwenye ngozi, hubadilisha umbo la bilirubini ili iweze kutoka mwilini kwa choo na mkojo.

Miale ya UV huunguza ngozi, na ngozi ya mtoto mchanga ni laini mno.

Miale ya infraredi haionekani kwa macho, lakini mwili huihisi kama joto. Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni ya aina hii. Mtoto aliyelazwa juani bila nguo anaweza kupata joto kupita kiasi na kupungukiwa maji. Na asubuhi ya baridi mambo hugeuka: akivuliwa nguo nje, mwili wake hupoa haraka.

Infraredi yenyewe si adui. Wodini kuna vitanda vyenye hita juu, vinavyompasha mtoto joto kwa miale hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba pale kuna kifaa kwenye ngozi kinachopima joto la mtoto muda wote.

Lagos walivyolichuja jua

Hospitali nyingi Afrika hazina taa za kutosha, na umeme nao hukatika. Watafiti walijaribu njia nyingine huko Lagos, Nigeria. Walijenga vibanda vilivyofunikwa kwa plastiki maalumu inayozuia UV na kupunguza infraredi, huku mwanga wa bluu ukipita.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kati ya watoto 447, wengine walitibiwa kwa jua lililochujwa na wengine kwa taa. Jua lililochujwa lilifanya kazi katika asilimia 93 ya siku za matibabu, taa asilimia 90.

Hata hivyo, asilimia 5 ya watoto wa kwenye vibanda walipanda joto kupita nyuzi 38, ikilinganishwa na asilimia 1 ya wale wa kwenye taa. Walikuwa salama kwa sababu wahudumu walikuwa pale wakiwapima.

Kwa nini nyumbani haitoshi?

Chini ya taa za hospitali mtoto hubaki na nepi tu, macho yamefunikwa, na mwanga humpiga kwa saa nyingi mfululizo. Hutolewa kunyonya, kisha hurudishwa. Damu yake hupimwa tena na tena. Dakika 15 za jua kibarazani akiwa amefungwa khanga hazifanyi kazi hiyo. Mwongozo wa Uingereza unasema wazi kwamba jua lisitumike kama tiba ya manjano.

Lakini hatari kubwa zaidi ni muda. Wakati familia inasubiri jua lifanye kazi, bilirubini inaendelea kupanda.

Kimbilia hospitali ukiona haya:

- Manjano ndani ya saa 24 tangu azaliwe
- Viganja au nyayo zimekuwa njano
- Hataki kunyonya, au analala sana na ni shida kumwamsha
- Analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, anakakamaa au kupinda mgongo

Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto apimwe bilirubini kwa kifaa kinachogusishwa kwenye ngozi kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mzazi ana haki ya kuuliza: "Mtoto amepimwa manjano?"

Kwa watoto wenye ngozi nyeusi, manjano hujificha. Chunguza weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, na fanya hivyo mchana karibu na dirisha badala ya usiku kwenye taa. Kwa kazi hiyo ya kuangalia, mwanga wa jua unafaa sana.