Kabla ya Bomba, Tazama Mtaro

Anayehama Dar es Salaam kwenda kuishi Morogoro hubeba samani zake, na pamoja nazo hubeba mazoea ya kupima kila mtaa kwa umbali. Kwa alikotoka, mazoea hayo yana maana. Jiji lenye watu zaidi ya milioni tano humlazimisha mtu kuchagua pa kulala kwa kuhesabu saa za foleni, na anayefanya kazi Posta huku akiishi Mbagala hulipia uamuzi wake kila alfajiri. Morogoro, mji kasoro bahari, ni habari nyingine. Sensa ya 2022 iliikuta manispaa nzima ikiwa na watu 471,409, na kutoka stendi ya Msamvu hadi mitaa mingi ya mjini bodaboda haikupotezei muda. Katika mji wa kadiri hiyo, mtaa mmoja hautofautiani sana na mwingine kwa mwendo wa kwenda kazini. Tofauti kubwa iko kwenye maji: namna yanavyoingia nyumbani, na namna yanavyotoka mtaani mvua ikishanyesha. Wageni wengi huuliza la kwanza na kuishia hapo. Hoja yangu ni kwamba la pili lina uzito zaidi, na kwamba mwenye kulazimika kuchagua moja achague mtaa wenye bomba la kusuasua lakini ardhi inayotoa maji, kuliko mtaa wenye bomba zuri ulio kwenye bakuli.

Umbile la mji wenyewe linaeleza kwa nini. Morogoro imekaa miguuni pa Uluguru, kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na safu ya milima inayouinamia ina vilele vinavyopita mita 2,600. Mito inayoshuka huko, ukiwamo mto wenye jina la mji, hupita katikati ya makazi na kwenda kuungana na Ngerengere, ambao nao humwaga maji yake Ruvu. (Kwa hiyo aliyehama Dar es Salaam hajaachana na maji yake; amesogea tu karibu na yanakotoka.) Jambo la kuzingatia ni kwamba mvua inayokuletea shida si lazima inyeshe juu ya paa lako. Yaweza kunyesha mlimani usiku, ukaamka kukiwa kukavu na mto umejaa. Tena kadiri mteremko unavyojengwa, bati, saruji na ua uliowekwa vitofali huchukua nafasi ya udongo uliokuwa ukinywa maji, hivyo yaleyale yaliyokuwa yakishuka taratibu sasa hufika bondeni kwa kasi na kwa pamoja. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 manispaa iliongezeka kutoka watu 315,866, yaani kwa karibu nusu ya waliokuwapo. Mtaro uliotosha zamani hauna sababu ya kutosha leo.

Tuanze na bomba, maana ndilo linaloulizwa. Tegemeo kubwa la mji ni bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye mto Ngerengere miaka ya 1980, likisaidiwa na vyanzo vya mlimani. Mji umekua haraka kuliko mtandao wake wa mabomba, na wanaoumia kwanza ni walio mwisho wa laini au juu ya mwinuko, ambako msukumo wa maji hufika umechoka. Huko maji huja kwa mgao, mara nyingine usiku wa manane. Ni adha, wala siidharau, hasa kwa mama mwenye watoto wadogo au mpangaji wa chumba kimoja asiye na pa kuweka hata pipa. Lakini ni adha yenye dawa. Simtanki la lita 2,000 au 5,000 lililowekwa juu ya mnara mfupi, mfereji wa kuvuna maji ya paani, pampu ndogo, na ikibidi kisima cha watu kadhaa waliochangishana: yote hayo yako ndani ya uwezo wa kaya au wa majirani. Mamlaka ya maji nayo hurefusha laini mwaka hadi mwaka. Mtaa mkavu wa leo waweza kupata maji kesho bila wewe kuhama.

Maji ya kutoka hayana dawa ya namna hiyo. Ukiinua msingi wa nyumba yako, umemsukumia jirani. Naye akiinua wake, yanarudi barabarani, na barabara ndiyo njia yako ya kwenda kazini. Shimo la choo, ambalo nyumba nyingi za miji yetu hulitegemea kwa kuwa mtandao wa majitaka ni mfupi, hujaa mapema pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, na msimu wa mvua hufurika na kuchanganyika na kisima cha jirani. Gari la kunyonya majitaka halikusaidii kitu ikiwa shimo linajaa tena kabla ya mwisho wa mwezi. Na ukiona udongo mweusi wa mfinyanzi, jua kwamba huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyufa za ukutani zitakuja hata kama mafuriko hayatakuja. Shida hizi humalizwa kwa mtaro mkubwa unaohudumia mitaa mingi, kazi ya halmashauri, si ya kaya. Watu wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanalifahamu hilo: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, suluhisho ambalo serikali iliwapa waathirika lilikuwa viwanja vya Mabwepande, mbali kabisa na bonde.

Basi tupande mlimani? Hapa ndipo hoja inapotakiwa kuangaliwa vizuri, kwa sababu kimo peke yake hakikulindi. Tarehe 3 Desemba 2023, mji wa Katesh, chini ya mlima Hanang, ulifunikwa na tope, mawe na magogo yaliyoshuka kutoka mlimani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Kitu cha kutafuta ni mgongo wa ardhi, si urefu wake: mahali ambapo maji yanagawanyika kwenda pande mbili badala ya kukusanyika. Mdomo wa korongo ni hatari ukiwa juu sawasawa na ukiwa chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mita hizo zisichukuliwe kuwa kero ya maofisa. Anayekuuzia kiwanja chenye upepo mzuri wa mto anakuuzia pia siku ambayo utaambiwa ubomoe.

Wapo watakaosema: kiwanja kimepimwa, kina hati, wasiwasi wa nini? Hati ni kitu cha lazima, na upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati haufai kurukwa hata kama muuzaji ni mtu wa dini. Ila hati hujibu swali la nani mwenye haki na mipaka iko wapi. Haisemi maji yatapita wapi. Ramani ya mipango miji husogea karibu zaidi na swali letu, kwa kuwa huonyesha maeneo yaliyoachwa kwa ajili ya mikondo na mitaro, lakini kuchorwa si kuchimbwa. Mara nyingine mkondo uliotengwa kwenye karatasi umeshageuka uwanja wa gereji.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema ununue mji unakoelekea. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, safari ikawa ya chini ya saa mbili, na ardhi ya pembezoni, ambako viwanja vikubwa bado vinapatikana, ikaanza kutazamwa kwa macho mapya. Siikatai hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba bei inapopanda kwa sababu ya stesheni hupanda kwa eneo zima, bonde na mgongo kwa pamoja, na mnunuzi anayekuja kiangazi hulipa sawa kwa vyote viwili. Kwa maneno mengine, mwenye kujua kutazama mteremko hupata kiwanja bora kwa bei ileile ya kibaya. Nafasi hiyo haidumu. Masika mbili tatu zikipita, madalali nao huwa wamejua.

Shule na usalama? Ni mambo ya kweli, ila katika mji mdogo mtoto anaweza kuvuka mitaa mitatu kwenda shule nzuri, na sifa ya mtaa kuhusu wizi hubadilika pale taa za barabarani zinapowekwa au uongozi wa serikali ya mtaa unapobadilika. Asiye na chombo, anayerudi usiku kutoka zamu, ana haki ya kuupa umbali uzito ambao mimi siupi, na kwake mtaa wa karibu na barabara ya daladala waweza kushinda hoja zangu zote.

Kwa anayefika Julai, wakati mitaro yote imekauka, ushahidi bado upo kwa mwenye kuutafuta. Mstari wa rangi ya udongo ukutani, chini ya dirisha, haukupakwa na fundi. Vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali mbili mlango hadi mlango, mifuko ya mchanga iliyosahauliwa nyuma ya nyumba, matete yanayostawi pasipo na mto, nyumba nzuri isiyo na mpangaji katikati ya mtaa uliojaa: kila kimoja kina maelezo yake, na mwenye duka la kona huyatoa bure, tofauti na dalali, ambaye hulipwa ukikubali. Muulize mwenye duka mwezi wa nne huwa anafunguaje. Halafu, kama mfuko unaruhusu, panga kwanza mwaka mzima, upite vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo ukiingia Julai omba mkataba wa pili uanze Januari, kabla hujaweka shilingi kwenye kiwanja chochote, na Aprili ikifika vaa mabuti ukakitembelee siku ya pili ya mvua.